Nataka kuwaambia nyumbani ni semina ya sacco, kumbe ni warsha ya muziki

Dada Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Kakamega. Nina fomu hapa mbele yangu tangu wiki iliyopita. Nimejaza jina na namba ya simu tu, na inatakiwa irudishwe mwisho wa mwezi huu.

Mimi ni mama wa miaka 46, mhasibu kwenye sacco moja hapa mjini. Nimezaliwa Shinyalu, nimeolewa Bungoma, na kitinda mimba wetu yuko sekondari ya bweni. Muziki niliuanzia kwenye kwaya ya kanisa, upande wa alto, kwa solfa kama wengi wetu. Nilipokuwa na miaka 34 kanisa lilipata fidla kadhaa na kijana wa kuzifundisha kila Jumamosi alasiri, nikajiunga. Wenzangu darasani walikuwa watoto wa shule ya msingi, wakicheka jinsi magoti yangu yalivyopanda juu kwenye vile viti vyao vidogo. Nilivumilia, nikafanya mitihani ya ABRSM, ile bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, hadi gredi ya nne. Miaka mitatu iliyopita mpiga viola wetu (viola ni kama fidla, ila kubwa kidogo na ya sauti ya chini zaidi) alihamia Mombasa, nikaombwa nishike nafasi yake kwa muda. Sijarudi kwenye fidla tena. Ile sauti ya katikati, nzito kidogo, niliitambua mara moja, ni alto yangu ile ile.

Sasa mwezi wa Agosti kuna warsha Nakuru ya muziki wa chemba, yaani ule wa vikundi vidogo, kwa watu wazima wanaopiga kwa kupenda tu. Ni siku sita. Mnapangwa watatu, wanne au watano, mnapewa kazi moja ya mtunzi kama Haydn au Mozart, mkufunzi anakaa nanyi asubuhi, na jioni ya mwisho kila kikundi kinawapigia wengine. Ada pamoja na malazi ni shilingi 26,000. Aliyeniletea habari alisema mpiga viola hawezi kukataliwa kwa sababu hawapatikani.

Mambo matatu yananikosesha usingizi. La kwanza ni hiyo fomu. Inauliza kiwango changu: mwanzo, wastani au juu. Desemba iliyopita tulijikusanya wanne tupige kwenye harusi moja Kisumu. Katikati ya kipande cha polepole nilipotea, nikawa natafuta baa, yaani kile kipimo cha mapigo, kwenye karatasi hadi wenzangu wakamaliza. Mpiga chelo alicheka, na bibi harusi akamwona akicheka. Kanisani tuko wawili kwenye viola, na nikiwa na shaka nausogeza upinde kidogo tu, mwenzangu anabeba. Nikiandika wastani nitaaibika, nikiandika mwanzo naogopa watanipanga na watu wanaojifunza kushika upinde.

La pili ni mzee wangu. Si mtu mbaya, hata stendi yangu ya nota alinichomelea yeye mwenyewe. Lakini aliposikia habari ya Nakuru alisema, "Ulipe pesa ukapige na watu usiowajua, halafu urudi na nini?" Isitoshe mwaka huu ni wa shufwa, na unajua Bungoma Agosti ya mwaka wa shufwa ni tohara. Mtoto wa kaka yake mkubwa anaingia. Mama mkwe ananitegemea jikoni na hajaficha.

La tatu ndilo ninaloona haya kuliandika. Rafiki yangu kazini ananiambia niseme ni semina ya sacco. Wenzetu wanaenda semina Naivasha na Nakuru kila mara na hakuna mume anayeuliza swali. Pesa ni za chama, zamu yangu ya kupokea ni Julai, kwa hiyo hata kwenye akaunti ya nyumbani hazitaonekana. Nimekaribia kukubali. Na nauliza pia: mtu wa umri wangu, wa gredi ya nne, ana haki gani ya kwenda kumtesa Haydn?

Mama Viola, Kakamega

*

Mama Viola,

Semina ya sacco isahau. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yako ni fupi kuliko kawaida, kwa sababu umeniambia mwenyewe kwamba jioni ya mwisho kila kikundi kinapiga mbele ya wengine. Hiyo maana yake ni simu arobaini zimeinuliwa. Kabla hujafunga viola kwenye kasha lake, video itakuwa kwenye status ya mtu, na mtu huyo atakuwa na binamu Webuye. Mzee wako atakuona umevaa gauni lako la bluu, umefumba macho kwenye nota ndefu, katika "semina ya mikopo na marejesho". Jaribu kulieleza hilo.

Nina sababu nyingine ambayo kwangu ni nzito zaidi. Kupiga katika kikundi cha watu wanne ni kusikiliza watu watatu kwa wakati mmoja huku ukifanya kazi yako. Mtu anayeshtuka kila simu inapolia hawezi. Utakuwa umelipa 26,000 ili ukae Nakuru na wasiwasi, na wasiwasi ungeupata Kakamega bure.

Kwa hiyo ukweli utausema mara mbili, kwenye fomu na mezani kwako. Nitaanza na fomu, kwa sababu ukishaijaza vizuri utajua hata cha kumwambia mzee.

Neno "wastani" halimsaidii mratibu wa warsha hata kidogo. Kila mtu ni wa wastani akijitazama mwenyewe. Kuna chama cha kimataifa cha wapenzi wa muziki wa chemba, ACMP, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1947, ambacho wanachama wake hujipima wenyewe kwa herufi ili wanapotafutana wajue nani apige na nani. Ni utaratibu mzuri, na udhaifu wake ni ule ule wa fomu yako: mnyenyekevu hujishusha, mwenye majivuno hujipandisha, wanakutana mahali pamoja na mmoja wao anateseka. Mratibu mwenye uzoefu anatafuta kitu kingine kwenye jibu lako. Umepiga nini, ukiwa sauti gani, mlikuwa wangapi, lini. Unasoma ufunguo wa alto, ile alama ya mwanzo wa mstari inayoonyesha nota za viola zinakaa wapi, bila kutafsiri kichwani, au bado vidole vinafikiri ni fidla? Hilo la mwisho ni muhimu sana kwa mtu aliyehamia viola ukubwani. Kwenye ufunguo wa alto C ya kati inakaa mstari wa tatu, na wengi waliotoka fidla husoma vizuri nota zikitembea taratibu, halafu zikiruka wanaangukia nota ya jirani. Kama ndivyo ulivyo, andika hivyo hivyo.

Usipandishe. Hapa sina upole. Ukijiandika juu kuliko ulivyo, hauadhibiwi wewe peke yako. Watu watatu wengine wameomba likizo, wamelipa nauli, mmoja pengine ametoka Mombasa, na wiki yao yote itaenda kwenye kukusubiri. Ukijiandika chini kidogo, hasara yake ni kwamba utapiga kipande rahisi na kukipiga vizuri. Kwa mara ya kwanza hiyo si hasara.

Sasa hiyo harusi ya Kisumu. Nimeisoma mara mbili, na sioni upungufu wa vidole pale. Gredi ya nne kati ya nane inasema vidole vyako vinaweza kupiga sehemu nyingi za Haydn, hasa zile za polepole na zile za minueti. Isichosema ni kama unaweza kukaa kimya mapigo kumi na mawili, wenzako wakiendelea, kisha ukaingia peke yako mahali panapotakiwa. Mtihani haukuulizi hivyo, maana pale mpiga piano anakufuata wewe. Na kanisani umejificha kwa jirani, umeniambia mwenyewe. Katika kwaya yenye alto kumi, ukimeza sauti baa mbili hakuna anayejua. Katika kwateti, yaani kikundi cha watu wanne, ukimeza sauti, sauti hiyo haipo.

Wewe wa Shinyalu unalijua jambo hili hata kabla ya kumsikia Haydn. Ngoma za isukuti ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja ina kazi yake. Ya kati ikinyamaza, anayecheza anajua kabla hajageuka kutazama. UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2014, na wazee wa Isukha na Idakho hawakuhitaji mtu wa kusimama mbele na kijiti ili ngoma tatu zikae pamoja. Zinakaa pamoja kwa kusikilizana. Nakuru mtafanya hicho hicho kwa nyuzi.

Kipande cha polepole kinapoteza watu wengi kuliko cha haraka, na si wewe tu. Mapigo yako mbali, akili inapata nafasi ya kuzurura. Tena viola mara nyingi inapewa nota zinazofanana ukurasa mzima, inashikilia chini huku fidla ya kwanza ikiimba, kwa hiyo jicho likitoka kwenye karatasi halina alama ya kurudia. Dawa yake ni kugawa pigo. Kama nota zinahesabiwa tatu kwa baa, wewe kichwani hesabu sita. Utaona baa haina tena uwazi wa kupotelea.

Kabla ya hayo yote, andikia waandalizi uwaombe jina kamili la kazi mtakayopiga. Wakikujibu "Haydn" rudi uulize tena, maana Haydn ameacha kwateti 68 za nyuzi. Unataka namba ya opus, yaani namba ya mkusanyo wa kazi zilizochapishwa pamoja, namba ya kazi ndani ya opus hiyo, na ni sehemu zipi. Nota zake utazipata bila malipo kwenye IMSLP, maktaba ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2006, na hakuna haki ya mtu unayoivunja. Haydn alifariki mwaka 1809, na sheria yetu ya hakimiliki inalinda kazi ya muziki hadi miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Chapisha sauti yako, kisha chapisha na ile yenye sauti zote nne kwa pamoja. Hiyo ya pili watu huikwepa kwa sababu kurasa ni nyingi na duka la kuchapisha linatoza kwa ukurasa. Lipa.

Kisha kaa na penseli, viola ikiwa bado kwenye kasha. Andika namba ya baa mwanzoni mwa kila mstari. Kila penye kimya kirefu, tazama karatasi ya sauti zote uone nani anapiga wakati huo, uandike kwa herufi ndogo juu ya kimya chako: "fidla 1 inapanda", "chelo peke yake", "wote wananyamaza". Ukifika Nakuru hutakuwa unahesabu gizani. Utasikia fidla ya kwanza ikipanda na utajua zamu yako imekaribia.

Kuna zoezi moja ninalolipenda kuliko mengine, na ni hili. Weka rekodi ya kipande hicho kwenye simu, piga nayo. Ukifika popote, shusha viola, fumba macho, acha muziki uendelee kidogo. Fumbua macho utafute wako wapi, uingie. Mwanzoni utakasirika. Baada ya wiki kadhaa utagundua unarudi kwa kumsikiliza chelo, kwa sababu chelo ndiyo inayotangaza mwisho wa sentensi: inatua, na inapotua ndipo kuna mlango. Usikimbize nota moja moja kama mtu anayekimbilia matatu iliyoshaondoka. Ngoja sentensi inayofuata, ingia mwanzoni mwake kwa sauti ya kawaida. Wapigaji wa miaka mingi nao hupotea. Tofauti yao na wewe ni kwamba wanapotea kwa baa mbili, tena bila kubadilisha uso.

Huyo mpiga chelo aliyecheka mbele ya bibi harusi, simjui na sina haja ya kumjua. Kwenye warsha nzuri tabia hiyo mkufunzi huizima siku ya kwanza. Adabu ya kikundi ni rahisi: mnazungumzia baa, hamzungumzii mtu. "Hapa kwenye baa ya 32 tunaachana" inatosha, na kila mmoja anajua aliyeachana ni nani. Wewe pia usimfundishe mwenzako hata ukiona kosa lake waziwazi, kuna mtu amelipwa kufanya hivyo. Mkufunzi akianza kuongea, upinde chini. Na ukitaka mwendo upungue, omba. Anayeomba mwendo upungue siku ya kwanza huwa amewaokoa wengine wawili walioona haya kuomba.

Umeuliza una haki gani ya kumtesa Haydn. Mwaka 1784 huko Vienna watu wanne walikaa kupiga kwateti kwenye nyumba ya rafiki yao. Fidla ya kwanza alikuwa Haydn mwenyewe, ya pili Dittersdorf, chelo alishika Vanhal, na viola, Mama Viola, alishika Mozart. Mwimbaji mmoja wa Ireland, Michael Kelly, alikuwepo akisikiliza, na katika kumbukumbu zake aliandika kwamba walipiga kwa kiasi, hakuna hata mmoja wao aliyebobea kwenye ala aliyoishika. Wanne wote walikuwa watunzi. Walikaa pamoja kwa raha ya kukaa pamoja, kisha wakaenda kula. Muziki huu mwingi ulitungwa ukilenga watu walio sebuleni, wapigaji wakiwa ndio wasikilizaji wa kwanza. Kiti cha ukumbini kilikuja baadaye. Kwa hiyo haki unayo, mradi umehesabu.

Faida nyingine unayo na hujaitaja. Alto wa kwaya amezoea kukaa ndani ya muziki. Soprano anajua wimbo, besi anajua msingi, alto anajua jinsi ya kuweka nota yake katikati ya hao wawili hadi chodi, yaani nota zinazolia pamoja, itulie. Viola ni kazi hiyo hiyo. Ukishika nota ndefu, imbe kwanza kimoyomoyo kwa solfa, jiulize ni mi au ni so ya chodi hiyo, ndipo ukikaze kidole. Wakufunzi hutumia siku nzima kufundisha watu jambo ambalo wewe ulilipata kwenye benchi la kanisa.

Tuje kwa mzee. Mtu aliyekuchomelea stendi ya nota hawezi kuwa adui wa muziki wako. Aliuliza urudi na nini, na nadhani aliuliza kwa kuwa hajui, si kwa kukudhihaki. Mjibu. Mwambie kwa miaka yote umepiga ukiwa nyuma ya mtu, na unataka wiki moja ya kupiga sauti yako mwenyewe. Mwambie na bei, shilingi zote 26,000 pamoja na nauli, na kwamba zinatoka kwenye zamu yako ya chama. Pesa za chama ni zako, sibishani na hilo. Lakini wewe ni mhasibu, na unajua Agosti ikiisha muhula wa tatu unafungua. Kama karo ya huyo kitinda mimba bado haijawekwa kando, iweke kwanza, kisha ndipo ufungue mdomo. Mazungumzo yatakuwa mafupi zaidi. Na waulize waandalizi kama wana punguzo kwa wapiga viola. Wakisema hapana, hujapoteza kitu.

Lakini tohara ni jambo jingine, na hapa pengine hutanipenda. Usijaribu kugawa wiki. Najua unachowaza, niende Jumatatu, niondoke Alhamisi nikapike, nirudi Ijumaa jioni kwa onyesho. Kwenye kwaya ingewezekana. Kwenye kwateti ukiondoka Alhamisi watatu wanabaki wakitazamana, maana hakuna viola ya akiba. Na Bungoma vilevile, mke wa nyumba anayekuja na begi mgongoni akitazama saa hajaja. Kwa hiyo pata tarehe. Kijana akianza kuzunguka na njuga kuwaalika ndugu, siku inakuwa imeshajulikana, lakini wazee wa boma wanaijua mapema kuliko hapo, na mzee wako ni mmoja wao. Ikiangukia ndani ya siku zako sita, warsha iache mwaka huu, na uwaandikie waandalizi mapema wapate kutafuta mtu mwingine. Mtoto wa shemeji anatahiriwa mara moja. Ikiwa ni wiki ya kabla au ya baada, nenda Nakuru bila kuomba msamaha. Nenda kwa mama mkwe mwenyewe, usimtume mtu wala kupiga simu, ukiwa na unga na sukari, umwambie tarehe ambazo utakuwa jikoni kwake. Mama mkwe akijua siku zako, mara nyingi yeye ndiye anayewanyamazisha wengine.

Mwili nao usiusahau. Kama nyumbani unapiga saa moja kwa siku, warsha itakudai tano au sita, na kwako zaidi, kwa sababu jioni watu wakitaka kujaribu vipande kwa raha watakuja kukugongea mlango: wana fidla nne na hawana viola. Ni sifa tamu, na bega la kushoto ndilo linaloilipia. Anza kuongeza muda sasa, dakika kumi au kumi na tano kila wiki, ukipumzika katikati. Vidole vikifa ganzi, acha siku hiyo. Ukiwa Nakuru una ruhusa ya kusema "leo nimetosheka" na kwenda kulala.

Safari iwe ya mchana. Viola ikae mapajani, kwenye buti isiingie hata makanga akiapa kwamba atakuwa mwangalifu, na gari likisimama Kericho kwa chai ushuke nayo. Kakamega kuna unyevu, Nakuru iko juu zaidi, ina hewa nyingine, na mbao hujua. Vigingi vinaweza kuachia usiku wa kwanza ukakuta nyuzi zimelegea asubuhi. Usiogope, visukume ndani taratibu unapozungusha. Beba seti ya akiba ya nyuzi, maana za viola si kitu utakachokipata kwenye duka lolote la gitaa mjini. Beba sweta. Agosti Nakuru kuna mvua na baridi, na vidole vya baridi havisikii amri.

Kwenye kisanduku cha kiwango, andika hivi, ubadilishe penye kosa: "Viola, miaka mitatu, kabla ya hapo fidla. ABRSM gredi ya nne. Napiga kila Jumapili kanisani, tuko viola wawili. Kwateti nimepiga mara moja tu, na nilipata shida kuhesabu vimya katika kipande cha polepole. Ufunguo wa alto nausoma sawa nota zikienda kwa hatua, natatizika zikiruka. Ningependa kazi rahisi na kikundi kisicho na haraka. Naomba nota mapema." Mratibu akisoma hayo atajua pa kukuweka ndani ya dakika moja, na atafurahi, kwa sababu fomu nyingine zote zimeandikwa "wastani".

Fomu inafungwa mwisho wa mwezi. Tarehe ya tohara muulize mzee leo jioni, akishakula.

Dada Mshauri